Mguu wa Mwalimu

Jumanne, 3 Machi

Wewe mwalimu wa gari, sikiliza. Saa ninayokulipa ni yangu, si ya huyo fundi wako wa mabati. Leo umeongea naye kwenye simu tangu kituo cha mafuta mpaka shule ya msingi. Mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayening'inia kisimani, wewe unamwambia "misumari gani hiyo, misumari gani hiyo!" Saa moja yako kwangu ni trei tatu za mayai. Misumari yako imekula trei nzima. Na mimi si mtoto wa kuambiwa "endelea tu, bibi, uko vizuri" na mtu anayetazama dirishani.

Umesema kila nikirudi nyumbani niandike makosa yangu ili yasijirudie. Daftari nimenunua. Nimeanza na yako.

Yangu ya leo: gari lilizimika mara nyingi. Klachi yake ni ngumu kuliko mlango wa banda la kuku. Basi.

Jumatano, 4 Machi

Mwalimu aliniuliza kwa nini nimengoja umri huu ndipo nitake kuendesha. Nikamwambia aangalie mbele. Humu nitaandika, maana daftari hili yeye halioni ng'o.

Mzee wangu haoni pembeni. Daktari wa macho alisema presha ya macho imekula kingo zote, amebakiwa na katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokufa hakirudi. Matone anayotia yanalinda kilichobaki. Akamwambia asiendeshe tena. Mzee akasema, "Asante, daktari," akatoka, akaingia kwenye pikapu yetu, akawasha. Nami nikapanda. Mayai hayaendi dukani kwa miguu.

Tangu siku hiyo tunaendesha wawili. Yeye mikono na miguu, mimi macho. "Baiskeli kushoto. Tuta. Mama na mtoto, simama. Haya, nenda." Nikisema simama, anakanyaga kabla sijafunga mdomo. Huyu mwanamume tangu anioe hajanisikiliza katika jambo lolote ila hili.

Katikati yetu anakaa mjukuu. Tunamshusha shule asubuhi, kisha tunapeleka mayai. Tunamwita Kijiko, kwa sababu alipoletwa kwetu alikuwa kichwa tu na mwili mwembamba chini yake. Sasa amenenepa, jina limebaki. Mama yake, binti yetu wa mwisho, anafanya kazi mji mwingine. Hajui habari za bomba. Akijua atamchukua mtoto siku hiyohiyo, na atakuwa na haki. Ndiyo maana hajui, na ndiyo maana najifunza.

Mzee amenuna tangu nianze masomo. Jioni nilipompa chai akaniuliza, "Ukishajua kuendesha, mimi nitakaa wapi?"

"Utakaa garini."

"Garini wapi?"

Nikamwongezea chai. Gari lina viti vitatu na kuhesabu anajua.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua imeanza. Gari la mwalimu lina waipa moja, na hiyo moja iko upande wake.

Jumanne, 10 Machi

Nimeendesha mpaka mzunguko wa barabara na kurudi. Mwalimu hakushika simu. Nilimwambia nikiiona tu naitupa nje, akacheka, akaitia mfukoni. Kila nilipoona mtu anavuka nilisema "simama," na gari likasimama taratibu, hata shingo haikutikisika. Mzee husimama kwa kishindo. Nimemwambia hivyo wakati wa kula. Hakufurahi.

Makosa: hakuna.

Alhamisi, 12 Machi

Makosa: hakuna. Kumbe kuendesha si kazi ya kutisha watu. Wanaume wametudanganya miaka yote hii.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepiga chafya. Sikufanya lingine lolote, nimepiga chafya.

Tulikuwa tunampeleka Kijiko shule. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa kama sahani iliyooshwa. Kijiko yuko katikati yetu, anasoma mabango kwa sauti, "Du-ka la da-wa." Chafya ikanijia, nikafumba macho kama kila mtu anavyofumba. Nilipofumbua, kijana wa pikipiki alikuwa ametokea uchochoroni, yuko ubavuni petu, na kioo chetu cha pembeni kimempiga bega. Hakuanguka. Alimruka Mzee kwa macho, akanitazama mimi usoni, kama mtu anayeniuliza, je wewe ulikuwa wapi?

Mzee aliendelea kwenda. Hakujua kitu.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Nimepiga chafya."

"Afya, mama."

Kijiko akageuka nyuma, akatazama dirishani, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia asome mabango.

Nimerudi nyumbani nimeosha trei ambazo zilishaoshwa.

Jumanne, 17 Machi

Nimemwambia mwalimu kuanzia leo ni saa mbili kwa mkupuo. Nimeuza kuku waliozeeka.

"Bibi, kuna haraka gani?"

"Haraka ni yangu. Yako ni saa tu."

Alhamisi, 19 Machi

Binti amepiga simu.

"Mama, mvua hii, Kijiko anafikaje shule?"

"Tunampeleka na gari."

"Baba bado anaendesha? Kliniki walisemaje juu ya macho yake?"

"Yanatunzwa."

Si uongo. Matone anatia kila siku, mimi mwenyewe ninamtilia. Lakini nilipokata simu nilikuwa na jasho mgongoni kama niliyebeba gunia la chakula cha kuku.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimeumbuka, tena mchana kweupe.

Tulikuwa kwenye barabara inayopita uwanja wa mpira. Mwanamke ana beseni kichwani, akaanza kuvuka. Nikamwona vizuri, mapema kabisa. Nikasema, "Simama." Gari likaenda. Nikasema, "Simama!" Gari likaenda. Mwanamke akageuka, akaona, akaruka ukingoni, beseni huko, nguo zake zilizofuliwa zote kwenye tope. Hapo gari likasimama kwa nguvu hadi kilemba kikanidondokea puani.

Nilitaka kumfokea mwalimu. Alikuwa ameshika breki ya mkono, miguu yake yote miwili ameipandisha kitini kama mtu aliyeona panya.

"Bibi," akasema, "unamwambia nani?"

"Namwambia nani nini?"

"Simama. Unaliambia gari, au unaniambia mimi?"

Akashusha mguu akagonga chini upande wake, nikainama nikaona. Ana breki yake na klachi yake. Nilikuwa nimeziona siku zote, nikadhani ni mahali pa kuegeshea viatu.

"Tangu siku ya kwanza nakanyaga mimi," akasema. "Unaona vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Unaona mpaka mtu anayefikiria kuvuka. Ukishaona unasema simama, mimi nakanyaga. Nilidhani ni woga wa mwanzo. Leo nimepandisha miguu makusudi, nijue."

"Makusudi! Ungeua mke wa watu kwa kutaka kujua?"

"Mkono ulikuwa kwenye breki."

"Na mimi wiki zote hizi nimelipa nini? Nani alikuwa anaendesha?"

"Usukani ni wewe. Breki mimi."

"Ulipaswa kusema!"

"Nilipaswa," akasema. "Ulikuwa unafurahi sana, bibi. Nikaona aibu."

Tulishuka tukamsaidia yule mama kuokota nguo. Alinitukana na nikapokea. Tuliporudi garini mwalimu akaniuliza taratibu, "Nani amekuzoesha hivyo?"

Nikamwambia. Habari za bomba, za mayai, za mtoto katikati. Ni mtu wa kwanza kusikia. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Basi, bibi," akasema, "wewe abiria hujawahi kuwa, na dereva bado hujawa."

Kosa, na hili ndilo la kwanza la kweli: naona, nasema, halafu nasubiri mguu wa mtu.

Alhamisi, 26 Machi

Mwalimu ana dawa yake. Kaniletea chupa ya maji. "Piga funda, usimeze, usiteme. Endesha."

Nikamuuliza kama ana wazimu. Akasema mdomo ukiwa na kazi nyingine, mguu utalazimika kuamka.

Mbwa alipokatiza mbele yetu nilisema "simama" na maji yote yakaenda kwenye kioo cha mbele. Kwa ndani. Waipa haifiki huko. Mwalimu alifuta kwa mkono wa shati lake, mabega yake yanacheka.

Breki alikanyaga yeye.

Jumanne, 31 Machi

Maji: nimemeza, nimemeza, nimetema. Mguu umelala kama mguu wa kitanda.

Mvua haikati. Barabara ya kwetu imechimbika, na ule mfereji wa ukingoni umekuwa mto.

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika hospitalini, kwenye benchi la nje ya chumba cha plasta. Daftari lilikuwa kwenye pochi. Mikono inataka kazi.

Nilikuwa darasani, yaani garini. Simu yangu ikalia, jirani yetu muuza mkaa. "Mama, pikapu yenu iko mferejini, karibu na daraja. Mtoto yumo."

Sikumbuki nilichosema. Mwalimu alisimamisha gari, akasema, "Nipishe." Tukabadilishana viti kwenye mvua. Akaendesha. Njia nzima nilikuwa naangalia mguu wake tu. Mtoto akitokea, mguu umeshafika. Mkokoteni, umeshafika. Hauulizi mtu. Nilikuwa naangalia ule mguu na ndani yangu nasema, huu ndio ninaoutaka, na sasa nimechelewa.

Pikapu ilikuwa imelala ubavu, pua ndani ya maji. Mayai yote. Ute wa njano unateremka na maji ya mvua kama rangi iliyomwagwa. Mzee amekaa ukingoni, kofia hana, anauliza kila mtu, "Mtoto yuko wapi? Mtoto yuko wapi?" na mtoto alikuwa kwa muuza mkaa, hatua chache upande wake wa kulia. Hamwoni. Hata kichwa hakugeuza, alikuwa anauliza mbele.

Kijiko amevunjika mkono. Kidevu kimepasuka na kimeshonwa. Anahema kwa kwikwi. Nimembeba mimi mpaka hapa, mwalimu akiendesha.

Nimeshajua ilivyokuwa. Mwoka mikate, mteja wetu, alipiga simu, anataka trei leo, ameishiwa. Mzee hakuweza kumwambia "ngoja mke wangu arudi." Kinywa chake hakijawahi kusema maneno hayo. Shule iliwaachia watoto mapema kwa mvua, Kijiko yuko nyumbani. Mzee akamweka kwenye kiti changu, akamwambia, "Leo wewe ndiye bibi."

Naye akafurahi! Kwa nini asifurahi? Kazi anaijua, anaisikia kila asubuhi. Akapiga magoti kitini ili aone juu, mkanda hana, akaanza: "Baiskeli, babu. Tuta, babu. Haya nenda." Walifika mbali. Mtu wa mkokoteni akatokea pembeni ya daraja, mtoto akamtazama kwanza, kama mtoto yeyote anavyotazama, kisha akasema. Mzee akakata usukani upande usio na daraja.

Daktari alipokuwa anamshona, mtoto hakulia kwa sindano. Alikuwa anamwambia daktari, "Nilisema simama. Nilisema, lakini nilichelewa." Daktari anamwambia nyamaza, usitikise kidevu, naye anarudia tena, "Nilichelewa."

Nimetoka nje. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Baadaye. Mwalimu alikuwa bado yuko kwenye maegesho. Nikaenda nikamlipa saa ya leo. Akachukua, akanirudishia chenji. Nimemheshimu kwa hilo. Angekataa ningelia mbele yake.

Ijumaa, 3 Aprili

Binti amekuja na basi la alfajiri. Hakuketi. Akamkuta mtoto amefungwa plasta, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto.

"Mama, ilikuwaje?"

Ningeweza kusema utelezi. Mvua ilikuwepo, mfereji ulikuwepo, kila mtu angeamini. Mzee alikuwa amekaa kwenye kona, uso ameupeleka ukutani. Nikasema yote. Bomba, sauti yangu, pikipiki, chafya, mtoto kupewa kazi yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Binti yangu ana sauti kama yangu, nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alisema taratibu, "Mlimfanya mwanangu taa ya gari."

Akakusanya nguo za mtoto. Mzee akainuka kumshika Kijiko kichwa, mkono ukapita hewani pembeni yake. Kijiko mwenyewe akasogea, akauingia mkono.

Wameondoka na basi la saa nane.

Jumapili, 5 Aprili

Kuku wametaga kama kawaida. Hawana habari.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mayai yamejaa sebuleni, kijana wa baiskeli anachukua kidogo kidogo na kuvunja kidogo kidogo.

Pikapu imerudi kutoka kwa fundi, bampa limenyooshwa, taa moja inatazama juu. Mzee ametoka akaizunguka akiipapasa. Kisha nikasikia mlango unafunguka.

Nikatoka na mwiko mkononi.

"Shuka."

"Nakaa tu."

"Shuka, mwanamume wewe! Unataka nani tena akuonee? Kuku?"

"Usinipigie kelele kwenye gari langu."

"Nitakupigia mpaka lishike kutu! Mtoto anasema amechelewa. Umesikia? Mtoto mdogo vile analala akijihesabia kosa lako!"

"Na lako," akasema.

Mvua ilikuwa inanipiga. Nikabaki na mwiko. Akasema tena, pasipo hasira, "Mimi niliendesha. Lakini wewe ndiye uliyenifanya nione kwamba naweza. Ungenyamaza siku ile ya kwanza, ningegonga nguzo hapohapo kliniki, na yangeisha."

Nimemtukana, lakini matusi hayakuwa na nguvu. Nimeingia ndani nikakaanga mayai yaliyopasuka. Amekula. Ufunguo bado uko mfukoni mwake, unaonekana kwenye kitambaa.

Jumanne, 14 Aprili

Mwalimu amekuja mlangoni kwetu mwenyewe, amepiga honi. Nikamwambia sina haja tena, mtoto wa kumpeleka shule hayupo.

"Kwa hiyo gari ataendesha nani?" akauliza.

Mzee alikuwa amekaa barazani. Mwalimu akamsalimia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayekula mayai yangu?"

"Ndiye. Mimi nakula mayai, mama ananila masikio."

Mzee akacheka. Wiki mbili sijasikia kicheko chake. Akamwambia, "Huyo hawezi kunyamaza. Mimi nimejaribu tangu ujana wangu."

"Nimemjaza maji mdomoni, mzee."

"Maji!" Mzee akapiga goti lake. "Maji! Na mimi sikufikiria!"

Niliwaacha wacheke. Nikaenda kuvaa viatu.

Alhamisi, 16 Aprili

Maji: nimemeza. Mguu uligusa breki mwishoni, baada ya mguu wa mwalimu. Lakini uligusa.

Jumatano, 22 Aprili

Mtihani. Nimeanguka. Askari wa mtihani alikuwa ubavuni, nikaona mtoto wa shule, nikamwambia askari, "Simama!" Akaniambia, "Simamisha wewe, mama." Alivuta breki ya mkono.

Sitaki kuongea na mtu leo.

Alhamisi, 23 Aprili

Wala leo.

Jumanne, 28 Aprili

Mwalimu ameniuliza, "Ukiwa jikoni, sufuria ikianza kumwagika, unasema nini?"

"Nasema nini kwa nani? Naitoa."

Akanitazama tu. Nikamwambia asijifanye ana hekima, aangalie barabara. Lakini njia nzima nilikuwa nafikiria hiyo sufuria. Jikoni sijawahi kuwa na mtu wa kumwambia.

Alhamisi, 30 Aprili

Nataka niandike hili polepole.

Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi. Mwalimu yuko upande wake, miguu ameikunja kitini kama anayekula mkekani. Mimi nina maji mdomoni. Tunateremka kuelekea soko la mbao. Mbuzi mmoja akatoka kati ya rundo la mbao, na nyuma yake mtoto wa kike mwenye sare ya shule, anamfukuza.

Gari likasimama.

Nikageuka kumtazama mwalimu. Miguu yake bado imekunjwa. Mikono yake iko mapajani. Nikaangalia chini, nikaona kiatu changu, kile chenye mkanda uliokatika, kimekanyaga breki mpaka mwisho. Mtoto yuko mbele ya bampa, anampiga mbuzi kofi, hata hakututazama.

Maji yalikuwa bado mdomoni.

Mwalimu hakusema nimefanya vizuri. Alisema, "Meza, bibi." Nikameza. Kisha nikalia, nikamwambia ni maji yamepita njia mbaya. Akasema ndiyo, maji hufanya hivyo.

Kosa: baada ya kusimama nilisahau klachi, gari likazimika. Kosa hilo nalipenda.

Jumatano, 6 Mei

Nimefaulu. Askari yuleyule. Alipoingia garini alijifunga mkanda akaushika kwa mkono. Tulikutana na baiskeli, na bibi mwenzangu mwenye mwavuli, na gari la takataka likirudi nyuma bila kuangalia. Sikusema neno. Mwisho akaniuliza, "Mama, leo huongei?"

Nikamwambia, "Nikianza hutashuka."

Mwalimu aliposikia alinipa mkono. Bado ana matatizo na fundi wake wa mabati, nyumba inavuja. Nimempa trei moja. Ya mayai mazima.

Alhamisi, 7 Mei

Nimempigia binti. Nikamwambia nina leseni. Nikamwambia habari za maji mdomoni, nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Kijiko vipi?" nikauliza.

"Plasta imetolewa. Kwenye basi hataki kukaa dirishani. Akikaa dirishani anaanza kumsomea dereva barabara. Watu wanamcheka, na yeye hachezi, Mama."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Anataka kurudi," binti akasema. "Kila siku anauliza kuku. Mimi naogopa. Leseni ni karatasi."

"Sawa. Usiniamini mimi. Amini macho yako, wewe unayo mazima."

Akafikiri. "Njooni na gari Jumamosi. Nitasimama nje na mtoto. Nikiona nani anashuka mlango wa dereva, na nikiona gari limekuja bila mtu kupiga kelele ndani, tutaongea. Tutaongea tu, Mama. Sijasema ndiyo."

"Sijakuomba ndiyo. Nimekuomba usimame nje."

Nilipokata simu Mzee alikuwa mlangoni. Alisikia. Akaenda bandani.

Ijumaa, 8 Mei

Asubuhi nimeenda kukusanya mayai. Kwenye trei ya juu, katika shimo moja ambalo halina yai, kuna ufunguo wa pikapu. Amekuwa nao mfukoni tangu tununue gari lile. Aliufuta mpaka ukang'aa.

Nimemkuta barazani, anatazama mbele, huko kwenye bomba lake. Nikaketi karibu naye, upande asiouona. Akajua nipo.

"Njia ya kwa binti ina mlima," akasema. "Gia ya pili, usingoje gari lilie."

"Najua."

"Na daraja lina upepo."

"Najua, Mzee."

"Nami nitakaa wapi?"

Sikumjibu kwa mdomo. Naandika hapa, kwa herufi kubwa, na daftari naliacha mezani, maana najua humu anachungulia, na maandishi yangu anaweza kuyasoma.

MZEE. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe umeoga na umetia matone yako. Unakaa kiti changu, dirishani. Mkanda ufunge mwenyewe. Ukisikia kitu, ukihisi kitu, ukiota kitu, usiniambie, nimeshakiona. Maneno yakikuzidi, chupa ya maji iko mlangoni, piga funda na usimeze mpaka tufike. Na katikati weka koti la mtoto, lile alilolisahau. Usilikalie.